Kitambulisho gani utoe uwanja wa ndege: mwongozo kwa mhamiaji anayesafiri ndani ya Marekani

Mama niliyemsindikiza mwaka jana alikuja na mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa linalosafirisha wakimbizi, ule ule aliotua nao Marekani akitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Wengi wetu tunaujua mfuko huo. Kuna nyumba ambazo bado umetundikwa nyuma ya mlango miaka minane baadaye, na kila karatasi ya maana imo. Alipomfikia afisa wa ukaguzi akaanza kuzitoa moja moja: fomu ya I-94 inayoonyesha alivyoingia nchini, kadi ya Social Security, kadi za chanjo za watoto, barua ya shirika lililompokea. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya kamba, namwona afisa akitikisa kichwa kwa kila karatasi. Alichotaka ni kadi moja tu yenye picha. Na kadi ya kazi, ambayo ingemaliza maneno kwa sekunde kumi, ilikuwa ndani ya sanduku kubwa tulilokwisha kulikabidhi kaunta.

Ndege ile iliondoka bila yeye. Hakuwa na kosa lolote la uhamiaji. Ila karatasi zilikuwa nyingi, na iliyotakiwa ilikuwa mbali.

Mwongozo huu ni wa safari za ndani ya Marekani, mfano Louisville kwenda Dallas au Minneapolis kwenda Phoenix. Safari ya kwenda nje ya nchi ina masharti yake, na ukiwa mkimbizi au mwomba hifadhi usiianze kabla ya kuongea na wakili.

Hatua ya 1: Elewa unaulizwa nini

Afisa wa TSA, idara inayokagua abiria viwanjani, aliyekaa mwanzo wa ukaguzi anataka kujua jambo moja: mtu aliyesimama mbele yake ndiye mwenye jina lililo kwenye tiketi? Hakuulizi uliingiaje nchini, kesi yako imefika wapi, wala kama umelipa kodi. Ndiyo maana barua nzuri ya uhamiaji yenye mihuri yote haimsaidii kitu. Haina picha inayosomwa na mashine yake.

Sheria inayosumbua watu inaitwa REAL ID. Bunge la Marekani liliipitisha mwaka 2005, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili leseni za majimbo ziwe na kiwango kimoja cha usalama. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hadi watu wakaizoea kama mvua inayonguruma bila kunyesha. Tarehe 7 Mei 2025 ikanyesha. Tangu siku hiyo leseni ya kawaida ya jimbo, isiyo na alama ya REAL ID, haihesabiki tena kuwa kitambulisho kamili kwenye ukaguzi.

Hapa ndipo wengi wetu tuliposikia vibaya. Habari ilizunguka vikundi vya WhatsApp kwamba mtu asiye na REAL ID hapandi ndege. Si kweli. REAL ID ni kiwango cha leseni na vitambulisho vya jimbo. Ukiwa na kitambulisho kingine kilichomo kwenye orodha ya TSA, leseni yako haina haja ya kutoka mfukoni.

Hatua ya 2: Chagua kadi moja, na moja ya akiba

Kwa mhamiaji, zinazokubalika ni hizi:

- Grinikadi, yaani kadi ya mkaazi wa kudumu.
- Kadi ya kazi ya USCIS (idara ya uhamiaji inayotoa kadi na uraia), ile ya plastiki yenye picha, namba yake ya fomu I-766.
- Pasipoti ya nchi ya kigeni.
- Leseni au kitambulisho cha jimbo chenye alama ya REAL ID.
- Pasipoti ya Marekani, kwa aliyekwisha kupata uraia, au ile pasipoti ndogo ya kadi.

Zisizokubalika zinahitaji kutajwa pia, kwa sababu ndizo watu wanazokwenda nazo: karatasi ya I-94, kadi ya Social Security, risiti ya maombi ya uhamiaji ya I-797, kadi ya NIDA ya Tanzania, kitambulisho cha taifa cha Kenya, kadi ya mpiga kura ya Congo, leseni ya udereva ya nyumbani. Picha ya grinikadi kwenye simu nayo haihesabiki, hata iwe safi namna gani.

Kadi iliyokwisha muda? TSA kwa sasa huikubali hadi miaka 2 baada ya tarehe ya kuisha, mradi ni kadi ya aina zilizomo kwenye orodha. Hili ni nafuu kubwa kwa anayesubiri kadi mpya. Nafuu yenyewe inazidi kuhitajika: tangu Desemba 2025 kadi za kazi za wakimbizi, waliopewa hifadhi na wanaoomba hifadhi hutolewa kwa miezi 18, wakati hapo awali zilifika miaka 5. Tarehe inakufikia haraka. Chukua pia barua ya USCIS inayoongeza muda, kama unayo. Mashine haitaisoma, lakini mtu wa kaunta ya shirika la ndege akianza kusita, utakuwa na cha kumwonyesha.

Kuhusu pasipoti ya nyumbani, simama kidogo. Kama unaishi hapa kwa viza ya masomo au ya kazi, pasipoti yako ndiyo kitambulisho chako bora. Lakini kama ulipewa hifadhi, au unaiomba, kwa hoja kwamba serikali ya nchi yako inakutafuta, usikimbilie ubalozini kuchukua pasipoti mpya ili upande ndege ya kwenda harusini Houston. Afisa wa uhamiaji anaweza kuuliza baadaye: ulimwogopaje mtu uliyekwenda kumwomba pasipoti? Tumia kadi ya kazi.

Kundi moja husahaulika kabisa: raia wapya. Siku ya kiapo unarudisha grinikadi, unapewa cheti cha uraia, unapiga picha na bendera, unakula pilau. Kesho yake huna grinikadi, na cheti kile kikubwa chenye picha hakimo kwenye orodha ya TSA. Kama leseni yako haina nyota, yaani alama ya REAL ID, umekuwa raia asiye na kitambulisho cha ndege. Tena ukiomba pasipoti ya Marekani, cheti chenyewe unakituma pamoja na maombi, kwa hiyo kwa wiki kadhaa unabaki mikono mitupu. Panga leseni ya REAL ID kabla ya kiapo, au usikate tiketi hadi pasipoti ifike.

Hatua ya 3: Leseni yenye nyota

Itazame leseni yako sasa hivi. Ukiona nyota kwenye pembe ya juu, upande wa mbele, ni REAL ID. California wameweka dubu mwenye nyota tumboni. Ukiona maneno kama NOT FOR REAL ID PURPOSES au FEDERAL LIMITS APPLY, hiyo ni ya kuendeshea gari tu.

Si lazima uwe raia. Sheria inawaruhusu wenye grinikadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi, wenye maombi ya hifadhi ambayo hayajajibiwa, wenye TPS (ulinzi wa muda kwa raia wa nchi zenye maafa), na wenye viza halali. Tofauti iko kwenye muda. Mwenye maombi yanayosubiri, TPS au viza hupewa leseni inayokwisha pamoja na ruhusa yake ya kukaa nchini. Ruhusa isipokuwa na tarehe ya mwisho, leseni ni ya mwaka 1. Majimbo mengi huiandika LIMITED TERM au TEMPORARY. Usione haya. Mashine ya TSA inaisoma kama nyingine yoyote.

Kwenye ofisi ya leseni nenda na kadi ya uhamiaji isiyokwisha muda, uthibitisho wa namba ya Social Security, na karatasi mbili zinazoonyesha unapoishi: bili ya umeme, mkataba wa nyumba, taarifa ya benki. Kwa akina mama wengi karatasi hizi mbili ndizo kikwazo, maana bili zote ziko kwa jina la mume au la kijana mkubwa anayejua Kiingereza. Andikisha bili moja kwa jina lako miezi miwili kabla.

Jambo la mwisho hapa limewakosesha watu safari: katika majimbo mengi hutoki ofisini na kadi. Unapewa karatasi ya muda, kadi inakuja kwa posta. Karatasi ile TSA hawaikubali.

Hatua ya 4: Jina

Ningekuwa na nafasi ya kuandika hatua moja tu, ningeandika hii.

Tiketi ya ndege Marekani hukatwa kwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Taarifa hizo huenda TSA kabla ya safari. Mlangoni, kadi yako huingizwa kwenye mashine inayosoma jina na kutafuta tiketi yake. Mara nyingi hata pasi ya kupandia ndege haiombwi. Kama mashine haikuoni, afisa anabaki na kadi ya mtu mmoja na tiketi ya mtu mwingine.

Sasa chukua majina yetu. Tuseme kadi imeandika jina la ukoo BAHATI na majina ya kupewa FURAHA ESTHER. Kanisani anaitwa Esther. Watoto wa shule walipomjazia fomu mtandaoni waliandika Esther Furaha, kwa sababu hawajawahi kumsikia mama yao akiitwa Bahati. Jina la ukoo limepotea kabisa. Wakongomani wanaumia zaidi hapa, kwa kuwa jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo huhamahama kila karatasi inapotafsiriwa. Watu wa pwani nao: Ali Juma Ali, kila ofisi inakata pale inapotaka.

Kanuni ni nyepesi. Weka kadi mezani. Mwandike mtu huyo kama kadi inavyosema, herufi kwa herufi, hata kama kadi imekosea. Ndiyo, hata kama imekosea. Kosa la kadi unalishughulikia USCIS kwa fomu yake. Kosa hilo hilo likiwa kwenye tiketi pia, ndege unapanda. Aliyeandikiwa FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani", mahali pa jina la kwanza, kwa sababu siku ya viza alikuwa na jina moja tu, akate tiketi kwa jina hilo hilo lililo kwenye kadi atakayoionyesha.

Pasi ya kupandia ndege ikitoka imeunganisha majina, FURAHAESTHER bila nafasi, usishtuke. Ndivyo mashine zao zinavyochapa. Jina la kati likifupishwa kuwa herufi moja pia kwa kawaida halina shida.

Tarehe ya kuzaliwa ina mtego wake. Wamarekani huanza na mwezi. Wewe uliyezaliwa tarehe 7 mwezi wa 3 ukiandika 07/03, umezaliwa Julai. Grinikadi na kadi ya kazi huandika mwezi kwa herufi, 07 MAR, kwa hiyo zifuate hizo. Leseni ndiyo inayogeuza. Wale wa Januari mosi, na tuko wengi tuliozaliwa siku moja mbele ya karani mmoja, mtego huu hautuhusu. Kila jambo na heri yake.

Ukimaliza kulipa, soma barua pepe ya tiketi dakika hiyo hiyo. Tiketi iliyokatwa moja kwa moja kwa shirika la ndege siku 7 au zaidi kabla ya safari, sheria ya Marekani inakupa saa 24 za kuifuta na kurudishiwa pesa, au kuishikilia bei hiyo bila kulipa, kutegemea shirika limechagua lipi. Baada ya hapo kusahihisha jina ni kubembelezana kwenye simu. Kijana mmoja ninayemfahamu alikatiwa tiketi na jamaa anayeuza tiketi kwa WhatsApp, jina la ukoo likakosa herufi mbili, na jamaa akazima simu. Alilipa mara mbili.

Kama kila safari unavutwa pembeni kwa sababu jina lako linafanana na la mtu anayetafutwa, omba namba ya Redress, inayokutofautisha na mtu huyo, kupitia DHS TRIP, mpango wa malalamiko ya abiria wa Wizara ya Usalama wa Ndani, kisha iandike kila unapokata tiketi.

Hatua ya 5: Kama huna kadi yoyote

Tangu tarehe 1 Februari 2026 TSA ina utaratibu uitwao ConfirmID. Unalipa dola 45 mtandaoni, kupitia Pay.gov, unapata risiti inayotumika kwa siku 10, kisha kwenye ukaguzi wanajaribu kuthibitisha wewe ni nani kwa taarifa zilizomo kwenye kumbukumbu zao. Angalia neno "wanajaribu". Ukilipa hujahakikishiwa kupita, na zoezi linaweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Kwa aliyefika Marekani miezi mitatu iliyopita, asiye na historia ya anwani wala mikopo, mimi nisingeitegemea njia hii. Subiri kadi ya kazi ifike kwa posta. Basi la usiku linachosha, lakini dereva wake haulizi nyota.

Hatua ya 6: Pima hatari kabla ya kukata tiketi

Hili silisemi kumtisha mtu. TSA haikuulizi hali yako ya uhamiaji, lakini Desemba 2025 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba majina ya abiria hupelekwa kwa maafisa wa ICE, idara inayokamata na kuondoa wahamiaji, mara kadhaa kwa wiki, ili yalinganishwe na orodha ya watu wenye amri ya kuondolewa nchini. Majina hutoka kwenye tiketi, kwa hiyo kuonyesha kadi hii badala ya ile hakubadilishi chochote. Uwanja mkubwa au mdogo, ni mamoja.

Kwa hiyo: mwenye amri ya kuondolewa, hata ya zamani, hata aliyoambiwa "imelala", aongee na wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Vivyo hivyo aliyekosa kufika mahakamani, na aliyezidisha muda wa viza. Asiulize kikundini. Kikundini tunajibu wote na hakuna hata mmoja atakayekuja na dhamana.

Viwanja vya bonde la Rio Grande kusini mwa Texas, kama McAllen na Brownsville, ni habari nyingine: huko maafisa wa doria ya mpaka husimama karibu na ukaguzi na huuliza uraia waziwazi.

Mwenye grinikadi ana sababu yake ya kuibeba. Sheria inamtaka kila mwenye miaka 18 au zaidi awe nayo wakati wote, ndege au si ndege. Mkimbizi ambaye bado hana grinikadi abebe kadi ya kazi na I-94, hiyo ya pili kwa ajili ya maswali ya maafisa wengine.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika uwanjani muda wa saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Kadi iwe mfuko wa mbele wa nguo au wa mkoba, si kwenye sanduku la kaunta. Karatasi za asili, mfuko wa IOM na vyote vilivyomo, ubebe mkononi au uuache nyumbani.

Kwa afisa, toa kadi kwenye kifuko chake cha plastiki kabla hajakuomba. Hahitaji maelezo, salamu inatosha. Akikuonyesha kamera, mashine inalinganisha sura yako na picha ya kadi. Kupigwa picha hapo ni hiari kwa abiria wa kawaida. Ukisema hutaki, atakulinganisha kwa macho, na huna sababu ya kupoteza nafasi yako kwenye foleni. Sema mapema, kabla hujasimama mbele ya lenzi.

Viatu havivuliwi tena tangu Julai 2025, isipokuwa ukiambiwa. Hijabu au kilemba hulazimiki kukivua hadharani. Mashine ikiashiria kitu kichwani, una haki ya kukaguliwa chumba cha faragha na afisa wa jinsia yako. Maji, mafuta ya nazi na asali vikizidi mililita 100 kwa chombo havipiti. Maziwa ya mtoto yanapita, ila yatangaze. Mawese usijaribu, nimeyaona yakitupwa, na mwenye nayo alilia kuliko aliyekosa ndege.

Watoto chini ya miaka 18 hawadaiwi kitambulisho na TSA kwenye safari ya ndani. Shirika la ndege ndilo linaloweza kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayekaa mapajani, kuthibitisha hajafika miaka 2.

Mgonjwa au mzee asiyejiweza anaweza kuombewa msaada kwa TSA Cares, namba 855-787-2227, saa 72 kabla ya safari. Mtu anayejua Kiingereza apige kwa niaba yake.

Ukishavuka, usinyanyue mkoba kabla kadi haijarudi mahali pake. Trei zile za kijivu zinapokwenda, watu wanavaa mikanda, wanaita watoto, wanakusanya simu, na grinikadi inabaki chini ya trei ya mtu wa nyuma. Ukigundua ungali uwanjani, rudi kwa msimamizi wa ukaguzi papo hapo. Ukigundua angani, kila uwanja una ofisi ya TSA ya vitu vilivyopotea, piga ukitua. Ikishindikana kabisa kuna fomu ya I-90 ya kuomba grinikadi nyingine, na hiyo ni dola 415 mtandaoni au 465 kwa karatasi.